Alizeti Kwenye Breki

Kwetu Iguguno bibi harusi hupelekwa kwa mumewe na mjomba wake. Mjomba wetu alikuwa na pikapu ya siku nyingi, na dada alikuwa anaolewa Shelui, chini ya mlima Sekenke. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la saba, lakini kichwani nilishakuwa dereva wa basi la Mwanza. Safari hiyo nisingeikosa.

Tatizo breki. Ukikanyaga, pedeli inazama. Ukiachia, magurudumu bado yameng'ang'ania. Miaka ile ya kukosa kila kitu, mjomba alikuwa akiongezea mafuta ya alizeti, yaleyale ya kupikia. Wengi huku walifanya hivyo. Alizeti tunayo, mafuta ya breki tungeyatoa wapi?

Sasa bidhaa zilikuwa zimerudi madukani. Nikatumwa Singida mjini. Duka la spea lilijaa makopo mpaka darini, nami nikapenda mafuta ya breki ya chupa, ya rangi ya zambarau, mazuri kama sharubati.

"Shikamoo mzee. Naomba haya."

"Marahaba. Gari la zamani au jipya? Na humo mlikuwa mnatia nini?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika kaunta. "Nyie watu wa Iguguno! Mnafunga breki au mnakaanga maandazi?"

Akanieleza kwamba ya zambarau hayachanganyiki na mengine. Gari letu lilitaka aina iitwayo doti tatu, na hayo nayo yasimiminwe juu ya alizeti: tutoe yote, tuoshe kwa spiriti, tubadilishe raba.

Niliporudi na doti tatu na raba mpya, mjomba alifoka. "Limekunywa alizeti miaka yote, leo ndiyo limepata kiungulia?"

Dada, hina imeshakauka miguuni, akajibu kutoka mlangoni, "Basi sipandi, mjomba. Nitakwenda na gari la akina bwana harusi."

Hilo lilimchoma. Akachukua spana. Raba ya kwanza ilitoka imevimba kama haragwe lililolowekwa. Akaiminya, akaitazama, akahamia gurudumu la pili.

Wakati wa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, mimi na mjomba tulikuwa chini ya gari, na pedeli haina mtu. Dada akapanda mwenyewe na kanga zake.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia! Haya, achia!"

Kina mama waliokuwa wakichambua mchele wakaanza kuitikia, ikawa ngoma.

Kesho yake, juu ya Sekenke, mjomba alisimamisha gari. Nilikuwa nyuma, juu ya sanduku la dada, na kidirisha cha nyuma ya dereva hakikuwa na kioo. Niliona jasho shingoni mwake. Dada akamgusa bega.

"Teremka tu, mjomba. Hiyo breki nimeikanyaga mwenyewe."

Akateremka, kona baada ya kona, na gari likamtii. Shelui, mbele ya wakwe, alilisimamisha taratibu hata soda aliyoshika dada haikumwagika. Nikapiga vigelegele peke yangu, mwanamume mzima, kabla wanawake hawajaanza.