Mawe ya Kutu

Mume wangu alifia mgodini, upande wa Geita, baada ya kuangukiwa na mwamba. Wiki ya tatu baada ya mazishi, mkemia wa mgodi, Mhindi wa makamo aliyemfahamu marehemu, alinipa kazi uani mwa maabara. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha, lakini tindikali ya kutoka ng'ambo ilikuwa bado adimu. Alitaka kuitengeneza palepale, kwa moshi wa salfa uliotoka kwenye tanuri la mgodi.

Alinieleza mara moja tu. Moshi ule ukipita kwenye kutu ya chuma iliyopashwa moto mkali hugeuka, na ukiingizwa majini huwa tindikali. Kutu yenyewe haipungui.

Kazi yangu ilikuwa kuiandaa. Nilivunja mawe mepesi yenye vitundu, nikayachekecha, nikabakiza yenye ukubwa wa punje za mahindi. Niliyaloweka kwenye maji ya kijani ya chumvi ya chuma, nikayaanika, kisha nikayaoka kwenye sinia mpaka yakawa mekundu kwa kutu. Kutwa nilikuwa nageuza mawe kwa koleo. Sikulia. Mara mbili niliungua mkono, nikaliona lengelenge kabla sijasikia maumivu.

Mvua za kwanza zilipoanza, mdogo wa marehemu alikuja kwa lori kutoka Ibadakuli, kijijini kwao. Aliniuliza habari za kazi, nikamwambia nzuri. Akasema wazee wameshakaa, wameamua nirudi nyumbani, yeye anirithi. Alikuwa mtu mwema. Nilitafuta hasira moyoni nisiipate. Furaha nayo haikuwapo.

"Shemeji, waambie sirudi," nilisema.

"Umepata mtu huku?"

"Hapana. Sina hamu ya mtu yeyote."

Alikaa juu ya gunia la mawe, akanitazama. Baadaye alivua koti, akachukua koleo la pili, tukageuza pamoja mpaka mawe ya sinia yakawa mekundu. Jioni alipanda lori, akaenda zake.

Tindikali ilipatikana, kidogo na hafifu, na mkemia alifurahi sana. Mwaka uliofuata mitungi ya tindikali ya ng'ambo ilianza kufika tena, kazi ya mawe ikasimamishwa. Mimi nikahamishiwa kuosha chupa za maabara. Wanawake wa kambini waliniuliza kama bado naumia. Niliwajibu kwamba sijui, na kweli sikujua.