Povu la Saa Nne

Jina lake la utani lilikuwa Mot, yaani sisimizi kwa Kithai, na halikumkosea hata kidogo. Katika kliniki ya utafiti pale Chiang Mai, Thailand, alikokuwa muuguzi, hakuna aliyewahi kumwona ameketi; hata wali alikula amesimama. Mumewe alikufa kwa Ukimwi mwaka mmoja tu kabla dawa hazijafika kijijini kwao, na tangu hapo Mot alikuwa mbio mbio, utadhani bado angeweza kumuwahi.

Na mtu huyo ndiye aliyepewa kazi isiyotaka haraka! Dawa mpya iliyokuwa ikijaribiwa, mnyororo mfupi wa protini unaomzibia kirusi mlango wa seli, ilikuja ikiwa unga. Unatia maji, unaiviringisha chupa viganjani, kisha unaiacha iyeyuke yenyewe. Kuitikisa ni mwiko, maana hutoa povu, na dawa yenye povu haidungwi.

Asubuhi hiyo, saa nne, mzee Inkaew, mkulima wa matunda ya longani ambaye vidonge vyote vya Ukimwi vilishamgomea, alisimama mlangoni akihema. "Fanya upesi, binti! Mnunuzi yuko shambani, matunda yananiozea mtini."

Mkono wa Mot ukatangulia akili. Akaitikisa.

Povu likajaa hadi shingoni mwa chupa.

Ilikuwa chupa moja tu, yenye namba ya mzee. Isiposafika kufikia saa tano, mwisho wa muda wake, ni ya kutupwa, na mzee alishakosa sindano moja. Akikosa ya pili anatolewa kwenye majaribio, na huko nje hakuna dawa nyingine ya kumfaa.

"Nimeitikisa, mjomba." Angeweza kunyamaza. "Kosa ni langu, na nimeshaliandika."

Mzee akaitazama chupa, akaitazama saa. "Basi na yaoze. Keti."

"Siwezi kuketi."

"Una misumari makalioni? Keti, sisimizi wee!"

Akaketi. Magoti yalimcheza hadi meza ikatetemeka. Mzee akamwekea kofia yake mapajani. "Miaka yote hii unamkimbilia nani?"

"Mume wangu." Lilimtoka tu, na machozi yakafuata.

"Huyo keshafika, mwanangu. Aliyebaki ni mimi."

Saa tano kasoro dakika nne Mot aliinua chupa dirishani. Povu limekwisha, maji maangavu, hakuna hata chembe. Akamchoma mzee sindano taratibu.

Mzee akatoka mbio kumuwahi mnunuzi, kichwa wazi. Mot alibaki kitini, kofia mapajani, magoti yametulia.