Kidevu cha Dahabo

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Dahabo humpaka mumewe hina kwenye ndevu. Guleed hukaa kwenye kigoda uani kwao, mjini Burao, taulo kuukuu mabegani, na jirani yao Kaltun akipita hakosi neno.

"Guleed, embe limeiva! Tuchume?"

"Lina mwenyewe, Kaltun. Pita."

Alhamisi ile Dahabo hakucheka. Kidevuni pake palikuwa pameota nywele, chache lakini ngumu. Kwa miaka mingi dada yake Saynab ndiye aliyezing'oa kwa kibano, mlango umefungwa, Guleed asijue. Saynab akahamia Jijiga kwa mwanawe. Na macho ya Dahabo, aliyekuwa na miaka hamsini na tisa, hayakuuona tena unywele kiooni. Asubuhi alijaribu kwa kupapasa, akajibana ngozi hadi ikatoka damu. Kesho yake wanawake wa upande wa mchumba wa binti yao Ubah wangekuja, nao husalimia shavu kwa shavu.

Basi akajitanda shali mpaka mdomoni, akakoroga hina na chai ya rangi, akaanza kupaka.

"Mbona umejifunga hivyo? Vumbi leo hakuna," Guleed akasema.

"Meno yananiuma."

Hapo upepo ukaja, ukaishusha shali hadi kifuani. Dahabo akainua mikono, ikaishia hewani: yote miwili ilikuwa imejaa hina. Akabaki amesimama hivyo, kidevu wazi mbele ya mumewe, machozi yakimlenga.

Guleed akatazama. Akapapasa mfuko wa shati, akatoa miwani yake.

"Kibano kiko wapi?"

"Kibano gani?"

"Cha Saynab. Au alienda nacho Jijiga?"

Dahabo akaketi mkekani. "Ulikuwa unajua?"

"Miaka mingi."

"Na ukanyamaza!"

"Wewe mvi zangu ulizisema? Siku moja nilirudi kutoka sokoni, nikakukuta na bakuli la hina. Ukaniambia, kaa hapa. Basi."

Kibano kilikuwa chini ya mto. Guleed akakileta, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja.

"Tulia, mama Ubah. Mbuzi nimewakagua meno miaka arobaini, kidevu kitanishinda?"

"Unanilinganisha na mbuzi?"

"Mbuzi hawasemi sana. Tulia."

Akang'oa moja baada ya nyingine, pumzi yake ikinuka chai na iliki, ndevu zake zenye hina mbichi zikimkaribia usoni. Hakuna aliyeona tone la hina lilipodondoka.

Kesho yake wageni walimbusu mashavu yote mawili. Mkubwa wao akamkazia macho kwenye kidevu laini, palipokuwa na doa jekundu kama punje ya mtama.

"Hii nini, dada?"

Dahabo akaligusa, wala hakulifunika.

"Hina ya baba Ubah," akasema, akawamiminia chai.