Sale la Darasa la Sita

Mwalimu Theodora hakuwa mtu wa kutafuta sifa. Hivyo ndivyo alivyopenda kujieleza, na waliomfahamu walimwacha aamini. Alizaliwa Marangu katika kihamba cha kahawa na migomba, akasomea ualimu, akaolewa Rombo na Rogath, kisha akafundisha shule moja ya msingi karibu na kwa mumewe mpaka watoto aliowafundisha kusoma wakaanza kumletea watoto wao. Alikuwa mkali wa mwandiko na mvivu wa fimbo. Kijijini alikuwa Mama Jovin, kwa jina la mwanawe wa kwanza, lakini hata wazee waliomzidi umri walimwita Mwalimu, na neno hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Shule yake ilikuwa katikati ya vitongoji viwili, cha Juu, alikoolewa, na cha Chini. Vyote vilitumia mfongo mmoja, mfereji unaoteremka kutoka msituni, ambao mababu waliuchimba pamoja, nao wajukuu wakaugombania. Kiangazi cha mwaka juzi watu wa Juu waliyageuza maji yote kwenye bustani zao za karoti na nyanya. Efraimu, mtu wa Chini, akapanda peke yake kwenda kuyafungulia. Alikutwa amekufa kando ya mfereji, kapigwa jembe kichwani. Kabla jua halijazama, vijana wa Chini walikuwa wameshapanda na mapanga. Nyumba mbili zikachomwa, migomba ikafyekwa. Polisi walikuja, wakauliza nani alimpiga Efraimu, na kumbe siku ile Juu nzima ilikuwa imefumba macho. Shule ikafungwa muhula mzima.

Amani ilirudi kwa kusuasua. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakapanga upya zamu za maji, wakakubaliana na jambo moja zaidi: aliyetenda ubaya aende mwenyewe kwa aliyemtendea, akiwa na jani la sale, aseme kwa kinywa chake alichofanya. Sale ni ule mti mwembamba unaopandwa mipakani mwa vihamba. Kwa Wachagga, mtu akikuletea jani lake limefungwa fundo, anakuomba radhi, na ukilipokea mambo yamekwisha. Kulikataa ni aibu kubwa, ndiyo maana halipelekwi kwa mzaha. Vijana waliochoma nyumba walikwenda, wakapiga magoti, wakasema, kisha wakabeba matofali ya kujengea upya. Kutoka Juu hakuja mtu. Margareta, mjane wa Efraimu, akakaa kungoja. Hakutaka ng'ombe wala mbuzi. Alitaka mtu mmoja aje aseme, ni mimi.

Theodora alimjua mtu huyo. Alikuwa Sirili, mdogo wake Rogath, shemeji yake wa kumpakulia chakula. Siku ile Sirili na Rogath walikaa jikoni kwake wakipatana la kusema, naye akawamiminia chai. Hakuulizwa, hakusema. Baadaye alijiambia kwamba mambo ya ukoo wa mume si ya mwanamke kuyatia mdomo. Mtu aliyesoma akiamua kujidanganya huwa hakosi sababu.

Shule ilipofunguliwa, watoto wa Juu walikaa upande wa madirisha na wa Chini upande wa mlango, na ole wake aliyeazima rula ng'ambo. Theodora, kwa kuwa alifundisha Uraia na Maadili, aliitwa Moshi mjini kwenye semina ya elimu ya amani. Ukumbini, kwa kalamu za rangi na makaratasi makubwa ya ukutani, wakafundishwa kwamba watu waliopigana huanza kupona shuleni, watoto wao wanapojifunza ukweli wa yaliyotokea wakiwa wamekaa pamoja. Theodora aliamini kila neno. Tusimcheke, maana maneno yale ni ya kweli. Aliporudi alichanganya madawati, akawapa kazi za vikundi, akavumilia minong'ono ya wazazi, na baada ya muda wa Juu na wa Chini wakawa wanagombana kwa mambo ya kawaida tu ya watoto. Hata Eunike, binti wa marehemu Efraimu, aliyekuwa hafungui mdomo darasani, akaanza kunyoosha mkono. Hiyo ilikuwa kazi nzuri, na ni haki yake isemwe.

Kisha ikasikika kwamba wageni wa mradi ulioandaa ile semina wanakuja kutoka Moshi kuona.

Hapo ndipo Mwalimu alipoharibu. Nyimbo zilikuwepo. Michoro ilikuwepo pia, ingawa njiwa wa amani wa darasa la sita walionekana zaidi kama kuku waliokonda. Theodora akataka kitu cha kwetu, ambacho wageni hawajakiona katika shule nyingine. Akakata jani la sale mpakani mwa kihamba cha mumewe, akalifunga fundo, akalitia mkobani pamoja na chaki.

Wa kulileta alimchagua Gladness, binti wa Sirili. Gladness ana sauti na haogopi wageni, ndivyo Theodora alivyojiambia. Wa kupokea akamchagua Eunike. Siku ilipofika, Gladness alipita katikati ya madawati, akapiga goti, akasema kama alivyofundishwa, "Sisi watu wa Juu tunaomba mtusamehe." Eunike hakunyoosha mkono. Alimtazama mwalimu wake, na Theodora alielewa anaulizwa nini, maana hakuna mtoto wa mlimani asiyejua sale ni nini, seuze mwalimu. Wageni walikuwa wameshainua simu kupiga picha. Theodora akaitikia kwa kichwa. Mtoto akapokea, watu wakapiga makofi, na mama mmoja katika wageni akafuta machozi.

Haikupita wiki, Sirili akiwa kwenye pombe ya mbege na wenzake akasema, "Mtoto wa marehemu amepokea sale mbele ya walimu na wageni. Mnataka nini tena?" Wazee wa Juu, ambao nao walikuwa wamechoka kuona haya, wakaona hapo pana mlango wa kutokea. Wakapeleka habari Chini kwamba mambo yamekwisha.

Rogath alimaliza mtori wake wa ndizi jioni hiyo, akasukuma bakuli, akasema kwa upole kabisa, "Umetusaidia sana, Mama Jovin. Ndiyo faida ya kusoma hiyo."

Theodora aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Margareta alizisikia habari zile sokoni, katika mji wa Mkuu, akiwa na mikungu yake ya ndizi, kutoka kwa mwanamke aliyempa pongezi. Kesho yake alikuja shuleni. Theodora alikuwa peke yake katika ofisi ya walimu, akisahihisha.

"Karibu kiti, Mama Eunike."

"Sikai." Aliweka jani mezani, juu ya madaftari. Lilikuwa limeanza kukauka. "Mwanangu anasema wewe ndiye uliyemwambia apokee."

"Lilikuwa igizo, Mama Eunike. Lilikuwa somo tu."

"Sale lina igizo?"

Theodora aliweka kalamu chini.

"Kule Juu wanasema nimesamehe," Margareta akaendelea. "Nimemsamehe nani? Jina sijaambiwa. Mimi nilibaki na kitu kimoja tu, kwamba hawajaja. Kila mtu alijua hawajaja, na wao walijua kwamba tunajua. Hicho ndicho ulichomtuma mwanangu akakitoe. Nyumbani tumemfundisha kwamba mwalimu akisema, unatii. Sasa niambie, nilikosea wapi?"

Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alifunga vizuri kanga yake, akatoka, na tangu siku hiyo Eunike hakuonekana shuleni.

Theodora alijaribu kwanza dawa nyepesi, kama tunavyofanya wote. Alisimama mbele ya darasa la sita akasema kwamba yale yalikuwa maigizo, kwamba mtoto hawezi kumwombea mtu mzima msamaha wala kusamehe kwa niaba yake, na kwamba yeye mwalimu ndiye aliyekosea. Aliyasema kwa sauti yake ya kufundishia, na kwa kitambo alijiona amejikosha. Gladness akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wa Juu tuko wengi. Mbona ulinichagua mimi?"

"Kwa sababu una sauti nzuri."

Gladness alifikiri. Hakuwa mtoto wa kuridhika upesi. "Kwani baba alifanya nini?"

Darasa zima likamkazia macho mwalimu, wa Juu na wa Chini pamoja, na hapo Theodora akagundua kwamba wengi wao walikuwa wameshajiuliza swali hilo hilo. Madawati aliyoyachanganya kwa jasho lake yalikuwa yamefanya kazi. Watoto walikuwa tayari kuambiwa ukweli wakiwa wamekaa pamoja, kama semina ilivyosema. Aliyekuwa hayuko tayari ni mwalimu.

"Toeni madaftari," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa jibu la Uraia na Maadili. Watoto wakatoa madaftari. Alipogeuka kuandika ubaoni chaki ilimvunjikia. Aliona aibu. Haikuwa ile ya kusemwa na watu, maana hiyo huisha watu wakipata jingine la kusema. Alijiona mwenyewe, tangu ile chai ya jikoni hadi kule kuitikia kwa kichwa, na hakuona mahali popote alipokuwa amekosea kwa kutojua.

Siku hiyo hiyo aliwakalisha Rogath na Sirili uani. Akawaambia waende Chini kwa Margareta, wakaseme.

"Shemeji," Sirili akajibu, akiangalia viatu vyake, "sale halipelekwi mara mbili."

"Halijapelekwa hata mara moja."

"Wewe si ndiye uliyelikata?"

Rogath hakutaka maneno mengi. "Wewe ni mke wa hapa," akasema. "Jovin ni mtoto wa hapa. Fikiria unapotaka kutupeleka." Na Theodora alifikiria. Alifikiria nyumba, kaburi la mama mkwe alilolipandia maua kwa mikono yake, na Gladness, ambaye atalia kwa jambo asilolifanya. Usingizi ulimkataa, na Jumamosi mchana akashuka Chini kwa miguu, bila kuaga na bila kushika kitu mkononi.

Alimkuta Margareta nyuma ya nyumba akimkatakatia ng'ombe shina la mgomba. Theodora alianza kupiga magoti.

"Simama," Margareta akasema. "Ukipiga magoti itabidi nikuinue, na mimi sitaki kukuinua."

Akabaki amesimama kama mtoto aliyechelewa namba ya asubuhi shuleni.

"Kama una la kusema, sema."

"Ni Sirili."

Panga likatulia juu ya shina. "Ulimwona?"

"Sikumwona. Alisema mwenyewe, jikoni kwangu. Alisema Efraimu alikuwa ameinama anaondoa mawe kwenye mfereji. Alikuwa amempa mgongo."

Margareta akauliza, "Alikufa pale pale?"

Hilo nalo Theodora alilijua, na njiani kote alikuwa akiomba asiulizwe. "Hapana. Aliwaomba wasimwache."

"Wasimwache? Walikuwa wangapi?"

"Na Rogath alikuwepo. Waliondoka wote wawili."

Ng'ombe alikuwa akitafuna. Margareta alimtazama kwa muda mrefu, kama vile ng'ombe ndiye aliyeyasema maneno yale.

"Umejua tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu siku ile."

"Mwaka juzi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kila asubuhi ulikuwa unaita jina la mwanangu, anaitika 'nipo', nawe unaendelea na jina linalofuata."

Theodora alitamani atukanwe. Tusi angeweza kulibeba.

"Jumatatu nakwenda polisi, kule Mkuu," Margareta akasema. "Haya utayasema na kule?"

"Nitayasema."

"Na la mumeo?"

"Na la mume wangu."

Margareta aliitikia kwa kichwa, bila shukrani na bila hasira iliyoonekana. Akachomeka panga kwenye shina, akaita kuelekea nyumbani, "Eunike. Njoo umwamkie mwalimu wako."

Mtoto alitokea akifuta mikono kwenye sketi. Hakuwa amesikia kitu. Alipomwona Theodora uso ulimfunguka, kwa kuwa alikuwa anaipenda shule na pengine alidhani amefuatwa arudi. Akakunja goti kidogo, kwa adabu ile ile aliyopokelea jani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Theodora alifungua mdomo. Neno la kujibu ni moja tu, na alikuwa amelijibu kila asubuhi ya maisha yake ya kazi, mara nyingine bila hata kuinua macho. Lilikataa kutoka. Mtoto alisimama pale akingoja, maana amefundishwa kwamba mtu haondoki kabla hajaitikiwa.

"Mjibu mtoto," Margareta akasema.