Kumi Kabla ya Tisa

Shangazi alirudishwa nyumbani kutoka kliniki kwa mara ya pili wiki ile, miguu imevimba mpaka viatu havimwingii. Kalamu alipomwona akipanda ngazi na kandambili mkononi, damu ilimchemka. Shangazi ndiye aliyemlea. Figo zake zilikuwa zimekwisha kuchoka, na asiposafishwa damu mara tatu kwa wiki, ndio basi tena.

"Wamekwambia nini safari hii?"

"Mashine moja mbovu, wa mwisho wote warudi. Na mimi ndio wa mwisho."

"Wa mwisho vipi, na namba yako tisa? Mko kumi na wawili!"

"Unaniuliza mimi? Kaulize kile kioo chenu cha ukutani."

Kalamu akaenda kweli, hata chai hakunywa. Kliniki ilikuwa ikitumia programu iliyotengenezwa ofisini alikofanya kazi Kalamu, na kioo kilionyesha foleni wazi mbele ya watu wote: 1, 10, 11, 12, 2, 3, 4, mpaka 9 mkiani.

"Wewe dada, huoni hiki kitu hakina akili?" alimuuliza nesi.

"Naona. Nikiita kinyume na kioo, naandikiwa barua ya onyo. Nyie wasomi ndio mliotuletea."

Ofisini alimkuta Haraka, aliyepewa jina hilo kwa sababu humaliza kazi kabla wenzake hawajafungua kompyuta. Foleni ile aliiunda yeye. Malalamiko ya kliniki alikuwa nayo tangu asubuhi, na dawa aliyoipata ni kuweka toleo jipya la kifaa kilekile cha kupangia foleni, programu ndogo iliyoandikwa na watu wengine.

"Kifaa kinapanga chenyewe, dada. Watu kibao wanakitumia."

"Kinapangaje?"

"Si kinapanga tu!"

Ala! Kalamu alipiga meza, vikombe vikaruka. Yeye ndiye aliyebaki peke yake katika chumba kile kuandika hesabu kwenye karatasi, ndipo wakambandika jina la kejeli, Kalamu. Akachomoa karatasi, akaandika 9 na 10.

"Umekipa namba kama maneno! Kinazisoma kama kamusi, alama ya kwanza kwanza. Kumi inaanza na moja, kwa hiyo inaipita mbili, inaipita tisa. Hukijui unachokitumia, unabonyeza tu! Mtu anavimba miguu huko, wewe unabadilisha toleo!"

"Hayo ni mambo ya mwaka wa kwanza chuoni..."

"Hayohayo uliyoyaruka! Fundi asiyejua umeme unapita wapi ni muuaji mwenye bisibisi!"

Kalamu akamsukuma pembeni, akarekebisha mstari mmoja, mmoja tu, na foleni ikakaa sawa. Haraka macho yalikuwa mekundu. Akafungua kumbukumbu za kazi, akageuza kioo cha kompyuta kumwelekea Kalamu.

"Sawa, mimi ni mjinga. Mbona ulipitisha wewe?"

Jina la Kalamu lilikuwa pale, kama mkaguzi, na tarehe. Siku ile kliniki ilikuwa na wagonjwa tisa tu. Alijaribu moja mpaka tisa, zikajipanga vizuri, akasaini akawahi mkutano. Kumi hakuiandika. Hasira haikumtoka, ila sasa ilikuwa imemgeukia mwenyewe, na hakuwa na wa kumpigia meza.

Nyumbani alimkuta Shangazi kitandani, miguu juu ya mto.

"Umempata aliyeharibu?"

"Wawili, Shangazi. Mmoja aliharibu. Mwingine alipaswa kuona, akasaini. Huyo ni mimi."

Shangazi alijiinua kidogo kwenye mto, pumzi zikimkwama.

"Kuhesabu nilikufundisha mimi, kwa vizibo vya chupa, hapo mlangoni. Mimi nisiyesoma." Akakohoa. "Baada ya tisa inakuja nini?"

"Shangazi, jamani..."

"Nimekuuliza!"

"Kumi," Kalamu alisema, na machozi yakamtoka.

"Unaona unajua," alisema Shangazi, akageukia ukutani. "Kesho twende wote. Utakaa pale mpaka waniite."