Mafuta ya Karafuu ya Bi Mahfudha

Bi Mahfudha huuza mafuta ya karafuu mtaani Ndia Kuu, katika duka dogo linalonukia hadi barabarani. Ukishika shavu tu kwa jino linalouma, mtu atakuelekeza kwake. Ni mkarimu, na ni mbishi kupita kiasi, akishaamua, ameamua. Mimi, Kitsao, natengeneza sabuni nyuma ya duka lake, kwa hiyo ugomvi wake hunifikia kabla ya chai.

Mwaka huu wateja walianza kurudi wakisema jino halitulii. Mafuta huletwa na wifi yake, Sheikha, anayeyaagiza kwa mjomba wake Pemba. Bi Mahfudha akakumbuka kemia ya shule: karafuu ina asidi, na asidi ikikutana na magadi hutoa povu. Akatia magadi kwenye siki, povu likapanda. Akatia kwenye mafuta. Kimya. Papo hapo akampigia Sheikha, akamwita mwongo mbele ya wateja. Sheikha huyo ndiye aliyemlelea wanawe alipolazwa hospitali. Tangu siku hiyo hawasalimiani, na mimi jambo hilo liliniuma.

"Bi Mahfudha," nikamwambia, "asidi zote si sawa. Ya siki ina nguvu zaidi, magadi yanaitosha. Ya karafuu ni dhaifu, magadi hayaigusi. Hiyo yataka soda kali, kama yangu ya sabuni. Humo karafuu huyeyuka, mafuta mengine huelea."

"Na wewe wajua nini, mpika sabuni?"

"Kemia niliisoma kabla sabuni haijanishika. Ndoo hapa uone."

Nikavaa glavu, nikayeyusha soda kali kidogo katika maji mengi, nikayagawa gilasi mbili. Ya kwanza nikaitia mafuta ya dumu la Sheikha ambalo halijafunguliwa. Nikakoroga. Yakayeyuka karibu yote, ukabaki utando mwembamba juu. Ya pili nikaitia mafuta ya chupa ya dukani. Mengine yakayeyuka, mengine yakaelea, mazito, yananukia nazi.

"Hii nazi yatoka wapi?"

Akaifunika chupa. "Tangu mwaka huu naongeza kidogo. Yasiwachome watoto ufizi."

"Na watu wazima?"

"Kwani wao hawana fizi?" akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Alasiri akanunua halwa, akanitaka nimsindikize kwa Sheikha niwe shahidi. Mlangoni hakuzungusha maneno.

"Wifi, kosa ni langu. Mafuta yako ni safi, nimeyaharibu mimi kwa mkono wangu. Nisamehe."

Sheikha alitukaribisha ndani, ila halwa hakuigusa.

"N'shakusamehe," akasema. "Lakini mimi nilikuamini, wifi. Nilimpigia mjomba Pemba nikamwita mwizi. Mzee wa watu akalia kwenye simu."

Bi Mahfudha akaweka sahani chini, akanyoosha mkono.

"Nipa hiyo simu."