Mwalimu Ambaye Hakuonja Maji

Harufu ya mawese yanayochemka ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi za utoto wangu Rumonge. Iliingia puani, ikakaa kwenye nguo, ikaenda nami mpaka shuleni, na huko wenzangu hawakuisikia kwa kuwa nao walikuwa wameivaa. Baba alikuwa na pipa la kuchemshia mawese nyuma ya nyumba, na mama alianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mbele, upande wa ziwa, kwa hiyo mwizi wetu angelazimika kuchagua kati ya moshi na inzi. Watu husema mafuta ya Minago yanashinda yetu. Waongo hao, lakini tuwaache, habari yao si ya leo. Ya leo ni ya mwalimu Fideli, aliyekuja kutufundisha sayansi darasa la saba katikati ya mwaka, na kidogo tu anitoe shule bila mwenyewe kujua.

Katikati ya mwaka, mnanisikia? Mwalimu huja shule zinapofunguliwa, kama mvua inavyokuja na msimu wake. Huyu alishuka kwenye gari la Bujumbura baada ya Pasaka, na sanduku la bati na kikapu cha chupa tupu. Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa ameugua akarudi kwao, hilo kila mtu alilijua, lakini watu hawakuuliza aliyeondoka ameondoka kwa nini. Waliuliza huyu amefukuzwa wapi. Mwenyewe akasema amezaliwa Bugarama, akakulia ng'ambo ya mpaka, Kigoma. Hapo ndipo alipoharibu zaidi, maana mtu wa pande mbili hujui umshike upande gani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na watu wa kwetu walikuwa wameumwa. Nani aliwauma sisemi, kila ukoo unajua wake.

Kisha akaanza kuingia majumbani. Jamani! Zamani zetu mwalimu alikuja kwenu kama mtoto ameiba au amefiwa. Huyu alipiga hodi, akachuchumaa karibu na mtungi, akauliza maji mnachota wapi, nani anaumwa tumbo, akajaza kichupa, akakifunga, akaondoka nacho. Jua halijatua, mji mzima ukawa unasema anayapeleka kwa mganga. Mama akauliza, "Maji yetu iko na nini mpaka ayabebe?" Baba aligeuka kwangu na mwiko wa mawese mkononi: "Mwajuma, nikiona jambo moja tu nisilolielewa kwa huyo mutu, shule basi. Utaenda Minago kwa shangazi yako kukamua mawese." Sikuwa hodari darasani, nasema kweli. Lakini mtaani kwetu hakuna msichana mwingine aliyefika la saba, na shangazi wa Minago alikuwa na mkono wa chuma na mdomo wa pilipili. Nikaanza kumwombea mwalimu dua asikosee.

Akaita wazazi shuleni. Walikuja wote, si kwa mapenzi, ila hakuna aliyetaka kusengenywa hayupo. Mezani kulikuwa na ndoo ya maji ya ziwa yaliyochafuka, na debe lililotobolewa chini, ndani yake kokoto, mchanga na mkaa. Alimimina maji juu, yakatoka chini meupe. Mengine alikuwa ameyachuja na kuyachemsha asubuhi. Akasema vile vichupa vyetu amevitazama kwa kioo chake cha kukuzia, vimejaa wadudu, ndiyo maana watoto wanaumwa, na anataka kila nyumba iwe na debe kama lile. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali, nami moyo ukatulia. Ndipo akajaza kikombe cha yale yaliyochemshwa, akampa baba kwa mikono miwili, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote.

Sasa, kwa ambaye si wa kwetu: Burundi anayekupa kinywaji huonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ujue hakuna sumu. Hata sisi Waislamu wa mjini, tusiogusa pombe, tulifanya hivyo kwa chai na kwa maji. Baba alishika kikombe akangoja. Mwalimu naye akangoja, anatabasamu.

"Na wewe, mwalimu?"

"Hapana, mzee wangu. Wageni kwanza."

Kisha Mama Zuhura, muuza ndagala, akapiga kelele kutoka nyuma: "Yoo! Huyu anatuona sisi panya?" Baba akaweka kikombe mezani taratibu, akamshukuru kwa Kirundi, "Murakoze, mwalimu," akanishika mkono tukatoka. Njiani alisema neno moja tu: "Minago."

Magharibi mwalimu akaja kwetu anahema. Baba alikuwa na hasira, lakini kumwacha mgeni na koo kavu hakuweza. Chai ikaletwa, baba akapiga funda la kwanza, akampa. Mwalimu akaitazama ile glasi, akautazama mdomo wa baba, akajishika kichwa. Kule alikokulia, kunywa kabla ya mgeni ni utovu wa adabu!

"Kesho njoo na maji yako mwenyewe, mzee. Nitayachuja, nitayachemsha, nitakunywa mimi kwanza."

"Nitakuja. Na nitakaa."

"Kaa."

"Kila somo lako nitakaa."

"Kaa, mzee wangu, kaa!"

Baba akaenda na bidoni, yaani dumu, la maji aliyoyachota pale wanapokunywa mbuzi. Mwalimu alinywa kikombe kizima. Baba akamtazama mpaka adhuhuri aone kama ataanguka. Hakuanguka. Baba akanywa kidogo, na bado hakuamini, ila Minago hakuitaja tena. Akawa anakuja kila somo la sayansi, anakalia benchi la nyuma, magoti karibu na kidevu. Mama Zuhura naye akaja na beseni lake la ndagala, wengine wakafuata, wakapeana zamu. Mwalimu alikuwa ameita wazazi; akaletewa walinzi. Na walimhoji kuliko sisi! "Huo mkaa unajuaje mududu ni nani na maji ni nani?" Mama Zuhura huyo. Mwalimu akikwama alisema sijui, nitasoma, na kipindi kinachofuata walimdai jibu. Mwaka ule sikusinzia hata mara moja, utasinziaje macho ya baba yako shingoni?

Mwaka uliofuata mama aliugua, nikabaki nyumbani, na kusoma kwangu kukaishia hapo. Baba mpaka anakufa, ukimtaja Fideli, alisema, "Yule mutu mimi bado simuelewi." Lakini alijua kwao, alijua jina la babu yake, alijua akikohoa ni vumbi la chaki au ni homa.

Juzi nilimuuliza mwanangu, mwalimu wa sayansi wa mjukuu wangu anaitwa nani. Akatafuta kwenye simu, hakupata. "Mama, kuna kundi la wazazi humu, wakitaka kitu wataandika. Mimi nawaamini." Nikamwambia baba yangu alikuwa akija mwenyewe darasani. Kuaminiana ni amani, siwezi kuitukana. Lakini yule mjukuu alikuwa amesikia, akaja kukaa karibu yangu.

"Bibi, ni kweli baba yako alikuwa anakuja darasani?"

"Kweli."

"Alikuwa anakupenda sana?"

"Alikuwa anamshuku mwalimu."

Mtoto akafikiri kidogo, akamtazama baba yake aliyeinamia simu, akasema angependa na huyu amshuku mwalimu wake.